Systers

Systers ni jumuiya ya mtandaoni ya wanawake wenye taaluma ya kompyuta, iliyoanzishwa nchini Marekani mwaka 1987 na Anita Borg, mtaalamu wa mifumo endeshi. Ilizaliwa kabla Wavuti haijakuwepo, ikaendeshwa kwa barua pepe tupu, na ni miongoni mwa jumuiya kongwe kabisa za aina yake duniani. Jina lake limeunganisha maneno mawili ya Kiingereza, systems (mifumo) na sisters (dada).

Chimbuko

Borg alizaliwa Chicago mwaka 1949. Hakuingia kwenye kompyuta kwa kupenda mashine: alijifunza mwenyewe kuandika programu alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ndogo ya bima, kisha akasoma hadi kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha New York mwaka 1981. Mwaka 1986 alijiunga na Digital Equipment Corporation, mojawapo ya kampuni kubwa za kompyuta za wakati huo, akawa mtafiti katika maabara yake ya California.

Mwaka uliofuata alihudhuria kongamano la watafiti wa mifumo endeshi mjini Austin, Texas. Ukumbi ulijaa wanaume. Wanawake wachache waliokuwemo walikutana msalani, sita au saba hivi, wakaanza kuzungumzia uchache wao. Mazungumzo yakanoga, wakakubaliana kula pamoja jioni, na mezani wakaketi wapatao 12. Hapo ndipo wazo la kuendelea kuwasiliana kwa barua pepe lilipotokea. Borg akakusanya anwani za washiriki wengine 20 hivi, na Systers ikaanza.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kichekesho cha chooni, na hapo uzito wake hupotea. Mwanamke aliyekuwa mhandisi wa mifumo miaka ile aliweza kufanya kazi miaka mingi bila mwenzake wa kike katika idara yake. Akikwama kwenye kazi, akipewa mshahara usioeleweka, akipata ujauzito katikati ya mradi, hakuwa na wa kumuuliza aliyewahi kupita njia hiyo. Wenzake wa kiume walikuwa na watu wa kuwauliza kila kona ya jengo. Barua pepe, ambayo wanawake hao walikuwa nayo kazini miaka mingi kabla ya watu wengi duniani, iliwawezesha kukutana bila kusubiri kongamano lijalo.

Utaratibu

Nguvu ya Systers ilitokana na masharti yake. Waliopokewa ni wanawake waliomo katika fani tu. Ujumbe wa mwanachama haukuruhusiwa kupelekwa nje bila idhini yake. Mazungumzo yalitakiwa yawe ya kuheshimiana, na yawahusu wanawake walio katika kazi za kompyuta. Mengine yote yalitafutiwa mahali pengine. Borg mwenyewe ndiye aliyesimamia, akijiita mlinzi wa dada zake. Yeyote aliyewahi kuwa admini wa kundi la WhatsApp lenye watu mia kadhaa anajua kazi hiyo ilivyo: kutuliza ugomvi, kukumbusha kanuni, kuzuia wachache wasiwazibe mdomo wengi.

Sharti la wanawake peke yao lilipingwa tangu mwanzo. Wapo walioliita ubaguzi. Borg aliwajibu hadharani, ikiwemo katika makala aliyoandika mwaka 1993, kwa hoja kwamba wanawake wa fani hiyo walikuwa wametawanyika mno, na pasipo mahali pao wasingeweza kukutana kamwe. Hoja hiyo ni sahihi. Katika mkusanyiko wa kawaida wa wahandisi, sauti mbili za kike kati ya hamsini huishia kuulizwa mambo ya wanawake, na nafasi ya kuuliza mambo yao wenyewe hawaipati. Ndani ya Systers mtu aliuliza swali la kiufundi bila hofu ya kuonekana mjinga kwa sababu ya jinsia yake.

Idadi ilipokua, wingi wa barua ukawa tatizo. Borg akatengeneza mfumo aliouita Mecca, wa kuendesha mazungumzo ya jumuiya kubwa kwa barua pepe na baadaye kupitia Wavuti. Miaka ya baadaye Systers ilihamia kwenye Mailman, programu huria ya kusambaza barua, iliyoongezewa uwezo wa pekee: mwanachama aliweza kujitoa katika mjadala mmoja usiomhusu huku akibaki katika jumuiya. Marekebisho hayo yalifanywa na wanachama na wanafunzi wa kujitolea. Kwa hiyo jumuiya iliyowapa wanawake ushauri iliwapa pia programu halisi ya kuandika na kuonyesha mbele ya mwajiri.

Kwa kawaida Systers haikujiingiza katika kampeni. Lakini mwaka 1992 ilijiingiza. Kampuni ya Mattel ilitoa mwanasesere wa Barbie anayeongea, na kati ya kauli 270 zilizogawanywa kwa wanasesere hao, moja ililalamika kwamba somo la hisabati ni gumu. Wanachama wa Systers walikuwa miongoni mwa waliolalamika, na kauli hiyo ikaondolewa.

Matokeo na mipaka yake

Mwaka 1994 Borg na mtaalamu mwenzake wa kompyuta, Telle Whitney, walianzisha kongamano lililopewa jina la Grace Hopper, ofisa wa jeshi la wanamaji la Marekani aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa lugha za programu. La kwanza lilifanyika Washington, likahudhuriwa na watu 500. Kufikia mwaka 2018 walikuwa zaidi ya 20,000. Mwaka 1997 Borg alianzisha taasisi ya wanawake na teknolojia, ambayo sasa inaitwa AnitaB.org na ndiyo iliyoilea Systers. Alifariki mwaka 2003 kwa saratani ya ubongo. Usimamizi wa jumuiya ulishikwa baadaye na Robin Jeffries.

Hata hivyo, katikati ya miaka ya 1980 wanawake walikuwa takriban asilimia 37 ya waliohitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta Marekani. Miaka ya 2010 walikuwa asilimia 18 hivi. Systers ilikua wakati uleule mlango wa fani ulipokuwa ukisinyaa. Jumuiya ya namna hii humshika mkono aliyekwisha kuingia asitoke. Haibadilishi anayeketi kwenye jopo la usaili, wala haimfikii msichana asiyewahi kugusa kompyuta.

Uhusiano na Afrika Mashariki

Mfano wa Systers ulifuatwa na wengi, kila kundi na njia yake. LinuxChix, iliyoanza mwaka 1998 kwa ajili ya wanawake wanaotumia programu huria, ilipata tawi la Afrika, na kutokana nalo ikatokea AfChix, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mkenya Dorcas Muthoni.

Mjini Nairobi, mwaka 2010, Judith Owigar na wenzake waliunda AkiraChix, shirika la wanawake wa teknolojia. Mwaka 2011 Owigar alipewa tuzo na taasisi ya Anita Borg. AkiraChix imeanzia pale ambapo barua pepe haifiki. Mpango wake wa codeHive huwachukua wasichana kutoka familia zisizo na uwezo, huwapa mahali pa kulala na gharama za masomo kwa mwaka mzima, na kuwafundisha kuandika programu. Msichana wa namna hiyo huingia katika jumuiya za mtandaoni akiwa tayari na kazi mkononi na swali la kuuliza.