Migomba ya Makunduchi

Kwetu Masama shina la mgomba ni chakula cha ng'ombe. Mkungu ukishashushwa, shina hukatwakatwa na kutupwa zizini. Julai mwaka jana nililiona shina hilo hilo mikononi mwa wanaume wazima waliokuwa wakichapana nalo, nikatamani baba yangu angekuwapo.

Nilikuwa nimekwenda Unguja kupumzika. Tulikuwa wanafunzi wanne wa shahada ya uzamili, tumechoshwa na tasnifu, tukachanga fedha za kwenda kuzamia Kizimkazi. Mimi mtoto wa mlimani nilijua kwamba ukipanda, hewa hupungua. Sikujua kwamba mita 10 tu chini ya maji, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Masikio yaliniuma hadi nilipojifunza kubana pua na kupuliza taratibu. Tulipotoka, mwalimu alinionya nisipande ndege wala mlima siku hiyo. Nitrojeni iliyosukumwa mwilini kule chini lazima ipewe muda wa kutoka. Ukiharakisha, hugeuka mapovu ndani ya damu.

Nahodha wa boti, mzee wa Makunduchi, alisikia natoka Kilimanjaro.

"Basi kesho wewe mgeni wangu," alisema. "Kesho mwaka wetu, na siku hiyo mtu hakai bila mgeni."

Mwaka huo ni Mwaka Kogwa, na asili yake ni Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi. Watu wengi wa kusini mwa Unguja hujiita Washirazi, na katika msikiti wa Kizimkazi kuna maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107. Ni Waajemi wangapi hasa waliofika, wanahistoria bado wanabishana. Kwangu ushahidi mzuri zaidi ni kalenda yenyewe. Uajemi ulirekebisha hesabu yake mwaka 1079, Nairuzi ikatulia mwezi Machi. Wanamaji wa Bahari ya Hindi waliendelea na mwaka wa zamani wa siku 365 kamili. Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa karne ya 15, alipanga misimu ya safari kwa kuhesabu siku tangu Nairuzi. Waswahili waliugawa mwaka huo katika miongo 36 ya siku kumi kumi, zikabaki siku 5. Mwezi mwandamo uliwaonyesha lini wafunge na lini wale sikukuu, lakini hauendi na mvua wala pepo. Mkulima na mvuvi walihitaji hesabu ya jua. Na kwa kuwa hakuna siku inayoongezwa kila mwaka wa nne, Mwaka Kogwa hurudi nyuma polepole. Leo ni Julai. Miaka 100 iliyopita ulikuwa Agosti.

Uwanjani, wanaume walijipanga pande mbili, kila mmoja na shina lake. Walichapana kwa nguvu, maji ya mgomba yakiruka, huku wanawake wenye kanga mpya wakizunguka kwa maandamano na kuimba nyimbo za kutaniana. Baadaye kibanda cha makuti kilichomwa moto. Mzee aliyekuwa ndani alichomoka mbio, na watu wakafurahi kwamba ametoka salama: mwaka hautakuwa na maafa. Kisha watu walikwenda kula.

"Kinyongo cha mwaka hubaki hapa hapa," nahodha alinieleza.

Sikumwambia nilichokuwa nikifikiria. Baba ni kitindamimba, na kwa mila ya Kichagga alibaki na nyumba ya babu. Kaka yake, mzaliwa wa kwanza, alipewa kihamba cha jirani. Mpaka wao ni safu ya masale. Miaka sita iliyopita, baadhi ya masale yalionekana yamesogea hatua mbili. Tangu hapo baba na baba mkubwa hawasalimiani. Wachagga tunalo jani la kumaliza jambo kama hili: ukimpelekea mtu sale kuomba radhi, ni vigumu mno kwake kukataa. Lakini lazima mmoja aanze kulichuma, na anayelichuma huonekana ndiye mkosaji. Kwetu jani la msamaha limekuwa lenyewe ndiyo ugomvi.

Makunduchi hakuna anayeulizwa nani alianza. Siku ikifika, pande zote mbili hushika mgomba. Niliona hapo kazi ya kalenda ambayo sikuwahi kuisoma darasani: huwaondolea watu mzigo wa kuamua lini wapatane.

Usiku nilimpigia baba. Alicheka sana niliposimulia mashina ya migomba. Akauliza ng'ombe wa huko wanakula nini. Kisha akanyamaza kidogo.

"Na baada ya kupigana, walikula pamoja?"

"Walikula, baba. Na mimi nilikula nao."

Nilisikia mlango wa zizi ukifungwa.

"Desemba hii," alisema, "uje mapema, kabla wengine hawajafika."

Hakusema ni kwa ajili ya nini, nami sikumharakisha.