Kuchonga na Kuunga: Njia Mbili za Mafundi wa Mto

Sisi watu wa mto, tangu Basoko mpaka Kisangani, tumerithi njia mbili za kutengeneza kitu. Ya kwanza ni kupunguza: unakamata gogo zima, unaondoa kisichotakiwa, kinachobaki ndicho kitu chako. Ya pili ni kuongeza: unaanza na kidogo, unaunga kipande juu ya kipande.

Pirogi ni mtoto wa njia ya kwanza. Tarehe 1 Februari 1877, pale Aruwimi inapoingia katika mto mkubwa, Stanley alipambana na mababu zetu wakiwa katika pirogi 54 kwa hesabu yake. Moja, aliandika, ilikuwa na wapiga kasia 40 kila upande.

Lokole vilevile. Fundi anachimba gogo kupitia mwanya mwembamba, anaacha mdomo mmoja mnene kuliko mwingine, ili itoe sauti ya juu na ya chini, kama maneno ya Kilokele yanavyopanda na kushuka. John Carrington, mmisionari wa Yakusu, alieleza jambo hilo katika kitabu chake cha 1949. Lakini ukichimba kupita kipimo, ile sauti hairudi. Lazima kitu kizima kiwe kichwani kabla chuma haijagusa mti.

Njia ya kuongeza ina huruma zaidi. Mama mfinyanzi anazungusha kamba ya udongo juu ya nyingine. Chungu kikipinda, anakinyoosha kingali kibichi. Wagenia nao wanafunga mti kwa mti kwa kamba za msitu pale kwenye maporomoko. Maji yakibeba mmoja, wanaweka mwingine. Hata masini za leo zinazochapa vitu kwa plastiki, tabaka juu ya tabaka, zinafuata kumbe njia ya yule mama!

Basi tuchague gani? Vijana wanasema balenieri ya mbao inabeba mizigo mingi kuliko pirogi, tena haihitaji mti mkubwa wa mbali. Ni kweli. Lakini kila kiungo ni mlango wa maji, na pirogi ya gogo moja haina kiungo.

Shauri letu ni hili: kujaribu kufanyike kwa udongo, kazi yenyewe kwa mti. Kijana afinyange kwanza pirogi ndogo, akosee, arekebishe, mzee akiwa kando yake. Mti unaweza kuota tena; mzee akiondoka na kipimo chake kichwani, hatuna pa kukichonga.