Mashetani ya Mpingo: Maneno Machache juu ya Samaki Likankoa na George Lilanga

Wengi waandikao kwa lugha za Ulaya juu ya vinyago vya Kimakonde, hasa vile viitwavyo mashetani, hawakawii kuutaja usurialisti, yaani ule mwenendo wa sanaa uliotangazwa Paris mwaka 1924 na mshairi André Breton. Sababu yao si ngumu kuijua. Atazamaye kinyago chenye jicho moja, mdomo uliogeuka mkono na ziwa lililoota mgongoni, humkumbuka mara Max Ernst au Salvador Dalí. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba kufanana huko ni kwa macho tu. Tukifuata maisha ya mafundi wenyewe, na maneno waliyoyatumia, tutafika penginepo.

Breton alisomea udaktari. Katika Vita Kuu ya Kwanza aliwahudumia askari walioharibikiwa na akili, akavutwa na mafundisho ya Freud, na hatimaye akashika wazo kwamba ndoto ina ukweli ambao akili ya mchana huuficha. Wenziwe walikuwa watu wa kalamu na magomvi. Waliandika matangazo, wakafukuzana chamani; na Dalí, ambaye naye alifukuzwa, alichapisha kitabu cha maisha yake mwenyewe mwaka 1942, hali hajatimiza miaka 40. Habari zao hazitupungukii. Labda tunazo kupita kiasi.

Tumtazame sasa Samaki Likankoa. Huyu alikuwa Mmakonde wa Msumbiji, mmoja wa wengi waliovuka mto Ruvuma kutafuta kazi, akachonga Dar es Salaam na kumwuzia Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago. Yasimuliwa kwamba yapata mwaka 1959 kinyago alichokuwa akikichonga kilivunjika mkono. Mwingine angalikitupa jikoni, maana mpingo uliovunjika hauungiki. Lakini Peera alikipenda, akamtia moyo achonge vingine vya namna hiyo. Hadithi hii huenda imenyooshwa kwa kurudiwa mara nyingi. Hata hivyo yatufaa, kwa kuwa ndani yake hamna ndoto wala tangazo: mna gogo, tezo, na mnunuzi aliyekuwa na jicho la kutambua kitu kipya.

Na neno lenyewe je? Kimakonde kina jina nnandenga, kiumbe wa porini ambaye watu walikuwa na masimulizi yake muda mrefu kabla ya duka lolote la vinyago. Fundi akisema na mnunuzi wa mjini hakuweza kulitumia jina hilo. Alichukua neno la Kiswahili, shetani. Neno hili asili yake ni Kiarabu, lakini pwani limepanuka: ni Ibilisi wa msikitini, na pia ni pepo apandaye kichwani, achezewaye ngoma na kupewa anachotaka. Maana hii ya pili ndiyo iliyo karibu na nnandenga. Wazungu walipolifasiri kwa lugha zao walishika ile ya kwanza, na kiumbe aliyekuwa mkorofi tu, pengine hata mchekeshaji, akawa adui wa Mungu. Kwangu mimi hili ni kosa kubwa kuliko lile la kumlinganisha na Ernst.

Ucheshi huo waonekana wazi kwa George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 katika nchi ya Masasi. Naye alianza kwa kuchonga. Alipokuja Dar es Salaam alipata kazi ya ulinzi wa usiku katika Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972, na humo ndimo mlinzi alimogeuka mchoraji. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Baadaye alitumia mbao laini na rangi za mafuta zilezile alizokwisha kuzitumia Edward Saidi Tingatinga huko Msasani. Viumbe wake wana masikio makubwa na matumbo yaliyotuna, lakini wanafanya nini? Wanapika, wanagombana, wanabeba mizigo, wanasengenya. Ni majirani. Nyingi za picha hizo alizipa majina ya Kiswahili, si neno moja bali sentensi nzima, kama mtu anayekatiza mazungumzo ya baraza. Afasiriye jina kama hilo kwa maneno mawili ya Kiingereza amekwisha kuitupa nusu ya picha. Ugonjwa wa sukari ulimpotezea miguu, na vijana wa karakana yake wakamsaidia kujaza rangi mpaka alipofariki mwaka 2005.

Lilanga alitia sahihi. Wachongaji wengi wa siku za Samaki hawakutia, na wanunuzi hawakuuliza. Jina la Samaki mwenyewe limeandikwa Likankoa mahali pengine, na Likonkoa mahali pengine. Na nani atatuambia ni lipi? Si vitabu, vinavyonakiliana. Pale Mwenge, katika wilaya ya Kinondoni, kuna kijiji cha wachongaji, na wazee wasemao Kimakonde hawajakwisha. Jina la ukoo lina irabu zake, na aliyelisikia tangu utotoni hawezi kukosea kulitamka. Kinachohitajiwa ni mtu wa kwenda na daftari, kukaa chini penye vumbi la mpingo, na kuuliza.