Kitanzi katika programu za wavuti: kwa nini jina la mwisho hupotea kwenye orodha

Mtangazaji wa kipindi cha salamu ana rundo la kadi mezani. Anachukua ya juu, anataja mtumaji na mahali alipo, anataja watu wanaosalimiwa, anaiweka kando, anachukua nyingine. Maneno yake ni yaleyale. Kinachobadilika ni majina. Ataendelea hivyo mpaka kadi ziishe au saa ya taarifa ya habari ifike.

Kazi hiyo, ikiandikwa kwa ajili ya kompyuta, inaitwa kitanzi. Wengine husema mzunguko, na mafundi wengi wa mitaani husema lupu. Ni agizo linaloandikwa mara moja na kutekelezwa mara nyingi, kila mara likishika kitu kingine katika orodha.

Kwenye wavuti vitanzi viko kila mahali. Baraza la Mitihani linapotoa matokeo ya kidato cha nne, ukurasa wa Shule ya Sekondari Kibaha na ule wa Minaki, kule Kisarawe, una umbo lilelile: namba ya mtahiniwa, jinsi, jumla ya pointi, daraja, kisha masomo na alama zake. Kilichotofautiana ni yaliyojazwa ndani. Jedwali la namna hiyo haliandikwi mstari mmoja mmoja kwa mkono. Linaachiwa kitanzi.

Tuchukue mfano mdogo unaoweza kuujaribu hata kwenye chumba cha kompyuta kisicho na intaneti, kwa sababu kivinjari kinafungua faili lililo ndani ya mashine yenyewe bila kula bando. Mkoa wa Pwani una halmashauri 9. Tunataka zionekane kwenye ukurasa, za bara kwanza na kisiwa mwisho. Andika haya kwa programu yoyote ya maandishi ya kawaida, uhifadhi faili kwa jina pwani.html, kisha ulifungue kwa kivinjari:

```
<ul id="orodha"></ul>
<script>
const halmashauri = ["Bagamoyo", "Chalinze",
  "Kibaha Mjini", "Kibaha Vijijini", "Kibiti",
  "Kisarawe", "Mkuranga", "Rufiji", "Mafia"];
let mistari = "";
for (let i = 0; i < halmashauri.length; i++) {
  mistari += "<li>" + halmashauri[i] + "</li>";
}
document.getElementById("orodha").innerHTML = mistari;
</script>
```

Lugha hii ni JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995, na ndiyo lugha ambayo vivinjari vyote vinaielewa. Mstari unaoanza na `for` una sehemu tatu zinazotengwa kwa nukta-mkato. Ya kwanza inasema tunaanzia wapi: `i` ni sifuri. Ya pili ni sharti: endelea maadamu `i` ni ndogo kuliko idadi ya majina. Ya tatu inasema nini kifanyike kila mzunguko ukiisha: ongeza moja kwenye `i`. Yaliyo ndani ya mabano ya mawimbi ndiyo kazi yenyewe, yaani kusoma kadi.

Mbona tunaanza na sifuri? Kwa sababu JavaScript huhesabu nafasi kwa kuanzia hapo. Bagamoyo iko nafasi ya 0, Kisarawe nafasi ya 5, na Mafia, ambayo ni ya tisa, iko nafasi ya 8. Hapo ndipo wanaoanza hujikwaa, na si wao tu.

Badilisha sifuri iwe moja, na Bagamoyo inatoweka. Andika `halmashauri.length - 1` mahali pa `halmashauri.length`, na Mafia inatoweka. Weka `<=` badala ya `<`, na mwishoni unapata mstari wa kumi wenye neno `undefined`, maana kompyuta imeulizwa nafasi ya 9 na haina jina la kuweka hapo. Kosa hili la tatu ni afadhali, kwa sababu linaonekana. Yale mawili ya kwanza hayatoi onyo lolote. Ukurasa unafunguka vizuri, umenyooka, umependeza, na una majina 8.

Sasa weka mahali pa halmashauri orodha ya watoto waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Mzazi anatafuta jina la mwanawe chini kabisa ya ukurasa na halioni. Hatafikiria alama ya kutoa iliyoandikwa kimakosa. Ataamini mtoto hakuchaguliwa. Ndiyo maana, kabla ya kutoa orodha yoyote hadharani, linganisha mambo matatu na karatasi ya awali: jina la kwanza, jina la mwisho na idadi. Ni kazi ya dakika moja.

Kuna njia nyingine ya kumpoteza mtu: kuandika namba badala ya kuiacha kompyuta ihesabu. Mtu akiandika `i < 9`, leo ukurasa uko sawa. Lakini Kibiti ilimegwa kutoka Rufiji, na Chalinze ni sehemu iliyotengwa na Bagamoyo. Aliyeandika `i < 7` enzi zile, kisha akaongeza majina mapya kwenye orodha bila kugusa kitanzi, halmashauri mbili za mwisho zisingeonekana kamwe. `halmashauri.length` hubadilika yenyewe orodha inapobadilika.

Tangu mwaka 2015 JavaScript ina umbo jingine lisilohitaji kuhesabu nafasi: `for (const jina of halmashauri)`. Linachukua jina moja baada ya jingine mpaka yaishe. Kwa anayeanza, kwa maoni yangu, hili litangulie na lile la namba lifuate baadaye, pale nafasi yenyewe inapohitajika, kwa mfano kuandika 1, 2, 3 pembeni ya kila jina. Walimu wengi hufanya kinyume.

Kitanzi cha `while` hakijui orodha. Kinajua sharti tu. Kinaendelea maadamu sharti ni kweli, na ukisahau kuongeza `i` ndani yake sharti halitakoma kuwa kweli. Ukurasa utaganda, vitufe havitaitika, na simu inaweza kupata joto mkononi. Funga ukurasa huo, rudi kwenye faili, tafuta kilichopaswa kubadilika kila mzunguko.

Mtangazaji wetu ana mbinu mbili nyingine. Akikuta kadi isiyosomeka anairuka na kushika inayofuata: hiyo ni `continue`. Saa ya taarifa ya habari ikifika anaacha hata kama kadi zimebaki: hiyo ni `break`.

Vitanzi vinaweza kukaa kimoja ndani ya kingine. Cha nje kinapita halmashauri, cha ndani kinapita kata zake: Kisarawe, kisha Maneromango, Masaki, Mzenga, Kibaha Vijijini, kisha Mlandizi, Soga, Magindu. Kuwa mwangalifu na hesabu, maana mizunguko inazidishana. Halmashauri 9 zenye kata 15 kila moja zingekuwa mizunguko 135. Kwa kivinjari hiyo si kitu. Lakini kama kila mzunguko unaomba taarifa kutoka kwenye seva, hayo ni maombi 135 yanayolipiwa na bando la anayesoma ukurasa, na mwenye mtandao dhaifu anaweza kukata tamaa kabla ukurasa haujajaa. Omba taarifa zote mara moja, kisha uzungushe ukiwa nazo. Kwa sababu inayofanana, mfano wetu unakusanya mistari yote kwanza ndipo unaiweka kwenye ukurasa kwa mkupuo, badala ya kuugusa ukurasa mara 9.

Jaribio la mwisho: futa majina yote, uache `[]`. Kitanzi cha `for` hakitazunguka hata mara moja, na ukurasa utabaki mweupe bila kosa lolote. Kwa aliyeufungua, weupe huo unaweza kumaanisha mtandao umekatika au simu ni mbovu. Kabla ya kitanzi, angalia kama `halmashauri.length` ni sifuri, na ikiwa ndivyo andika kwenye ukurasa: "Orodha bado haijatolewa."