Helsingør: Miaka 600 ya Mji wa Forodha

Pale Denmark na Sweden zinapokaribiana zaidi, maji yanayozitenganisha hayafiki kilomita tano. Mlango-bahari huo ni Øresund. Kwa karne nyingi, meli nyingi zilizotoka Bahari ya Kaskazini kwenda Baltiki, na zilizorudi, zilipita hapo mbele ya mji wa Helsingør. Mwaka 2026 inatimia miaka 600 tangu Mfalme Erik wa Pomerania aupe mji huo hati ya haki za biashara.

Erik alikuwa na sababu zake. Alikuwa katika mvutano mkali na Jumuiya ya Hansa, umoja wa miji ya wafanyabiashara wa Kijerumani, na vita vilimlia fedha. Alijenga ngome iliyoitwa Krogen kwenye ncha ya nchi kavu, na mnamo 1429 akaanza kuzidai meli zinazopita ushuru. Kila meli ilipaswa kutia nanga na kulipa sarafu moja ya dhahabu ya Kiingereza iliyoitwa nobeli.

Mwanzoni chombo kikubwa na kidogo vililipa sawasawa. Mwaka 1567 Peder Oxe, mshauri wa fedha wa Mfalme Frederik II, alibadili utaratibu huo: ushuru ukaanza kufuata shehena, na mapato yakakaribia kuongezeka mara tatu. Hapo ndipo ulipotokea mpango ambao hadi leo unastahili kusifiwa kwa ujanja wake. Nahodha alitaja mwenyewe thamani ya mzigo wake. Lakini mfalme alikuwa na haki ya kuununua mzigo huo kwa bei hiyohiyo iliyotajwa. Aliyeshusha bei ili akwepe ushuru alijiweka katika hatari ya kuuza mali yake kwa hasara, na aliyeipandisha alilipa zaidi. Kwa hiyo nahodha alikuwa na kila sababu ya kusema kweli.

Fedha hizo ziliingia mfukoni mwa mfalme. Katika karne ya 16 na ya 17 kuna nyakati ambapo zilifikia theluthi mbili ya mapato yote ya dola ya Denmark. Kati ya 1574 na 1585 Frederik II aliijenga upya Krogen ikawa kasri la Kronborg, lenye mizinga iliyoelekezwa baharini. Shakespeare aliiweka tamthilia yake ya Hamlet katika mji huohuo, na jina la Helsingør likafahamika hata kwa watu wasioijua Denmark.

Mjini kwenyewe maisha yote yalizunguka forodha. Nahodha alipokuwa akisubiri hesabu zake zikamilike, au upepo ubadilike, mabaharia walihitaji maji, mkate, nyama, bia na kamba. Waholanzi, Waingereza, Waskoti na Wajerumani walihamia, wakafungua maduka na kazi za uwakala. Helsingør ilikula kwa meli za wengine.

Waliolipa hawakuridhika siku zote. Mfalme Christian IV alipopandisha viwango kupita kiasi, Waholanzi, ambao meli zao ndizo zilizokuwa nyingi kuliko zote, walikataa. Mwaka 1645 manowari zao chini ya admirali Witte de With zilisindikiza mamia ya meli za biashara kupita mbele ya Kronborg bila kulipa. Denmark ikalazimika kupunguza. Mwaka 1658 pigo likawa zito zaidi: Sweden ilichukua ng'ambo yote ya mlango-bahari, na wafalme wa Denmark hawakuzimiliki tena pande mbili. Miaka mingi baadaye, mwaka 1711, tauni iliua sehemu kubwa ya wakazi wa mji.

Hata hivyo ushuru uliendelea hadi karne ya 19. Waliousukuma ukingoni ni Wamarekani, waliotangaza kwamba hawatambui haki ya nchi yoyote kutoza meli zinazopita tu kwenye bahari. Kwa mkataba wa Copenhagen wa 1857, mataifa yaliyohusika yaliinunua haki hiyo ya Denmark kwa takriban rigsdaler (sarafu ya Denmark) milioni 33.5, na Uingereza na Urusi zilibeba sehemu kubwa kuliko wengine wote. Marekani ilitia saini mkataba wake na kulipa takriban dola 393,000.

Kwa mfalme ilikuwa fidia. Kwa wenye maduka wa Helsingør ilikuwa njaa, kwa kuwa meli hazikuwa tena na sababu ya kusimama. Reli ya kwenda Copenhagen ilifika mwaka 1864, na mwaka 1882 kikaanzishwa kiwanda cha kuunda meli kilicholisha familia nyingi kwa miaka mia moja, hadi kilipofungwa 1983. Katika gudi lake la zamani sasa kuna makumbusho ya taifa ya bahari, yaliyofunguliwa 2013. Kronborg iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000.

Lakini hazina kubwa kuliko kasri ni vitabu. Makarani wa forodha waliandika jina la nahodha, bandari yake ya nyumbani, mzigo na malipo, kuanzia 1497 hadi 1857, tena karibu bila kukatika tangu 1574. Rekodi hizo zina safari takriban milioni 1.8. Zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Denmark, Copenhagen, na zimewekwa kwenye intaneti, ambako yeyote anaweza kuzitafuta bure.