Miezi sita iliyothibitishwa Afrika Mashariki

Mgonjwa wa kifua kikuu anayeanza dawa leo, awe Mwanza, Mumbai au Lima, kwa kawaida huambiwa atameza vidonge kwa miezi sita. Ni wachache wanaojua kwamba muda huo ulithibitishwa kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, watu ambao vitabu vya tiba haviwataji kwa majina.

Bakteria anayeleta ugonjwa huu alitambulishwa na Robert Koch mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Kumjua hakukutosha kumshinda. Ana ganda zito lenye nta, linalozuia dawa nyingi kupenya. Tena hana haraka. Baadhi ya bakteria wa tumboni hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi wakipata mazingira mazuri, ilhali huyu huchukua karibu saa 20. Wengine hulala kabisa mapafuni bila kuzaliana, na dawa nyingi humpata bakteria pale anapozaliana. Hiyo ndiyo hatari yake kubwa: baada ya wiki chache za tiba kikohozi hukoma, uzito hurudi, mgonjwa hujiona amepona, kumbe waliolala bado wapo.

Dawa ya kwanza ya kweli, streptomaisini, ilipatikana mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, kwa kazi ya mwanafunzi wake Albert Schatz. Haikuchukua muda kuonekana kwamba ikitumiwa peke yake bakteria huizoea. Isoniazidi ilipofika mwaka 1952, madaktari wakajifunza kuchanganya dawa, na watu wakaanza kupona kwelikweli. Shida ikabaki muda: mwaka mmoja na nusu, wakati mwingine zaidi. Mkulima anayeishi mbali na zahanati, ambaye hasikii tena maumivu na shamba linamngoja, angewezaje kuendelea na dawa miezi 18? Wengi waliacha. Waliporudi walikuwa wameshawaambukiza watoto wao, na kwa baadhi yao dawa zilikuwa hazifanyi kazi tena.

Mwaka 1970 Wallace Fox na Denis Mitchison wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, wakishirikiana na madaktari wa nchi zetu, walianza jaribio ambalo wataalamu wengi wa wakati huo hawakulitegemea. Wagonjwa waligawanywa makundi. Kundi moja lilitibiwa kwa utaratibu uliozoeleka wa miezi 18. Mengine yalipewa streptomaisini na isoniazidi kila siku kwa miezi sita tu, na baadhi ya hayo yakaongezewa dawa ya tatu. Kisha wote wakafuatiliwa ili ijulikane nani ataugua tena.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Waliotumia dawa mbili tu kwa miezi sita, zaidi ya robo yao waliugua tena. Walioongezewa rifampisini, waliougua tena walikuwa kama watatu katika kila mia, sawa na wale wa miezi 18. Pirazinamidi, iliyojaribiwa pia kama dawa ya tatu, nayo ilionyesha uwezo mkubwa, na tafiti zilizofuata zikaiunganisha na rifampisini. Mwaka mzima ukawa umeondolewa kwenye mateso ya mgonjwa. Walioshindwa kupona walilipa sehemu kubwa ya gharama ya elimu hiyo. Nao wanastahili kukumbukwa sambamba na waliopona.

Lakini rifampisini ilikuwa ghali mno, na dawa nzuri haina maana ikiishia bandarini. Hapa anaingia Karel Styblo, daktari kutoka Chekoslovakia aliyeugua kifua kikuu akiwa mfungwa wa Wanazi katika kambi ya Mauthausen. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma wa Tanzania, ulioanza mwaka 1977, ulijengwa kwa ushauri wake. Makohozi yapimwe kwa darubini. Kila wilaya iwe na mratibu. Kila mgonjwa aandikwe kwenye daftari na ijulikane aliishia wapi: amepona, amefariki au ametoroka. Tiba ya miezi minane ilipoingizwa katika miaka ya 1980, dawa za miezi miwili ya mwanzo zilimezwa mbele ya muuguzi, na rifampisini ilitumika katika miezi hiyo tu ili kupunguza gharama. Karibu wagonjwa wanane kati ya kumi walipona. Kwa nchi maskini hilo lilikuwa jambo kubwa, na Shirika la Afya Duniani, lililotangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia mwaka 1993, liliufanya utaratibu huo mfano wa kufuatwa.

Wakati huohuo VVU, vinavyodhoofisha kinga ya mwili dhidi ya kifua kikuu, vilikuwa vinabomoa. Tanzania iliandikisha wagonjwa wa kifua kikuu wapatao 12,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Miaka 20 baadaye walipita 60,000. Thiasetazoni, dawa ya bei nafuu iliyotegemewa Afrika Mashariki, ikawa inababua vibaya ngozi za wenye VVU, wengine hadi kufa, na ikabidi iachwe. Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, iliyoanza kama kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu mwaka 1926, ikapewa kazi ya kutibu kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida.

Mwaka 2023 ugonjwa huu uliua watu wapatao milioni 1.25 duniani, ingawa dawa zipo. Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, ukikonda au kutokwa jasho jingi usiku, nenda kapime makohozi. Tanzania hutoa matibabu haya bila malipo katika vituo vya serikali. Ukianza dawa, imalize miezi yote, hata kama kikohozi kimekoma.