Konzo Haipimwi kwa Unga Peke Yake

Kiwango cha kimataifa cha sayanidi katika unga wa muhogo ni miligramu 10 kwa kilo. Kiwango hicho kimegeuzwa hirizi: unga ukifaulu, mlaji huhesabiwa kuwa salama dhidi ya konzo, ugonjwa wa neva unaotokana na sumu hiyo. Makala haya yanaipinga hesabu hiyo.

Kuhusu dalili hakuna ubishi. Konzo hupoozesha na kukakamaza miguu yote miwili kwa ghafla. Haiponi, wala haizidi. Waathirika wakubwa ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, hasa ukame au vita vinapowalazimisha watu kula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Daktari Trolli aliieleza huko Kongo mwaka 1938. Tarime, nchini Tanzania, ilikumbwa nayo mwaka 1985.

Ubishi uko kwenye njia ambayo sumu hupita hadi kwenye neva. Maelezo yaliyozoeleka husema sayanidi huzuia seli kutumia oksijeni. Ni kweli, lakini hayatuambii kwa nini konzo hung'ang'ania kaya zinazokula ugali wa muhogo bila kitoweo. Mwili huigeuza sayanidi kuwa thayosayanati na kuitoa kwa mkojo, na kazi hiyo hudai salfa kutoka kwenye amino asidi za methionini na sisteini, ambazo muhogo unazo kidogo mno. Salfa ikipungua, sehemu ya sayanidi hugeuka kuwa sayanati. Mwaka 1999 Tor-Agbidye na wenzake walionesha kwamba panya walionyimwa salfa hiyo kisha wakapewa sayanidi hupata sayanati zaidi kwenye damu. Sayanati nayo hujibandika kwenye protini na kuziharibia kazi.

Ushahidi mzito zaidi ni wa Kimani na wenzake, mwaka 2013. Panya walilishwa mlo kamili au mlo uliopunguzwa amino asidi zenye salfa kwa asilimia 75, kisha wakapewa sayanidi, sayanati au maji ya chumvi kwa muda usiozidi wiki 6. Waliodhoofika viungo ni wa sayanati tu. Ni sayanati pekee pia iliyojibandika kwenye protini za uti wa mgongo, zikiwamo za mayelini inayofunika neva, na hali hiyo ilijitokeza zaidi kwa walionyimwa salfa. Sayanidi iliacha alama kwenye albumini, protini ya damu, bila kuugusa uti wa mgongo.

Wapinzani watasema matokeo hayo yanaiondolea sayanidi lawama. Sidhani. Wiki 6 si miezi ya ukame, na alama ya albumini inaonesha kwamba safari ya kuelekea sayanati imeanza. Pingamizi zito zaidi linatoka miaka ya 1970, wagonjwa wa selimundu walipotibiwa kwa sayanati: walioumia waliumia neva za pembezoni, ilhali konzo hushambulia mfumo wa juu wa neva za mwendo. Huenda lishe ndiyo inayoamua protini zipi zitangulie kuumia. Jambo hilo bado linahitaji kuthibitishwa.

Kuulowanisha unga, kuutandaza mwembamba na kuuanika juani kwa saa 2 hupunguza sayanidi, na kazi hiyo iendelee. Hata hivyo, upimaji wa unga uambatane na upimaji wa albumini ya walaji, na dagaa, kitoweo chenye salfa hiyo, wahesabiwe kuwa kinga, si anasa. Anayegawa unga uliopimwa kwa kaya isiyo na kitoweo amefanya nusu ya kazi.